Albamu Iliyoitwa "Jihad": Kisa cha Médine wa Ufaransa na Mafunzo kwa Familia Zetu



Mara kwa mara wazazi hutuuliza kuhusu wasanii wa muziki wa kufokafoka ambao ni Waislamu. Kijana yuko chumbani na simu yake, anamsikiliza msanii anayetaja Qur-aan, Palestina na dhulma wanayofanyiwa Waislamu. Mzazi hajui afurahi kwamba angalau mtoto hasikilizi ya ovyo zaidi, au akataze. Swali huwa zito zaidi pale picha ya msanii huyo inapoingia kwenye kundi la WhatsApp la familia ikiwa na maneno kwamba huyu anashabikia ugaidi.

Tumechagua kulieleza jambo hili kupitia kisa kimoja kilichotikisa Ufaransa, nchi ambayo familia nyingi za visiwani, hasa ndugu zetu Wangazija, zina jamaa huko. Ni kisa cha msanii aitwaye Médine. Hatukusudii kumsafisha wala kumchafua. Tunataka tuone alisema nini, wengine walimsemea nini, na sisi tunachukua nini.

Médine ni nani?

Jina lake ni Médine Zaouiche, na Médine ndivyo Wafaransa wanavyoutamka mji wa Madina. Alizaliwa mwaka 1983 katika mji wa bandari wa Le Havre, kaskazini-magharibi ya Ufaransa, katika familia yenye asili ya Algeria. Ni Muislamu na halifichi hilo. Nyimbo zake hutolewa na Din Records, kampuni ndogo ya vijana wa mji huohuo.

Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 2004 na ilihusu mashambulizi ya Septemba 11. Ya pili ikafuata mwaka 2005, nayo ndiyo iliyobeba jina zito: "Jihad, le plus grand combat est contre soi-même". Kwa Kiswahili ni kusema: Jihadi, pambano kubwa kuliko yote ni dhidi ya nafsi yako. Mwaka 2008 akatoa "Arabian Panther", ambayo jina lake linakumbusha kile chama cha Wamarekani weusi cha Black Panther. Ndani yake mna wimbo "Don't Panik", unaowaambia Wafaransa wasitaharuki wanapomuona Muislamu.

Anayezifuatilia kazi zake ataona kwamba ni mtu anayependa historia. Ameimba kuhusu tarehe 17 Oktoba 1961, siku ambayo polisi wa Paris waliwaua Waalgeria waliokuwa wakiandamana kwa amani. Ana pia mfululizo wa nyimbo za visa vya watoto waliokumbwa na misukosuko ya dunia: mtumwa kutoka Afrika, mtoto wa Vietnam, wa Palestina, wa Kirohingya. Mambo haya tunayataja kwa sababu yalipozuka maneno juu yake, hayakutajwa.

Neno moja, maana mbili

Kwa miaka mingi albamu ya 2005 haikuleta kelele kubwa. Kelele zilikuja baadaye, pale watu walipoanza kusambaza neno "Jihad" peke yake na kuyaacha maneno yanayolifuata, ambayo ndiyo yanayolieleza.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna bahati katika jambo hili. Tunasema "juhudi" na "jitihada" kila siku, na maneno yote mawili yametoka katika mzizi uleule wa Kiarabu. Mtoto akifaulu mtihani tunasema ni kwa juhudi zake, na hakuna anayeogopa. Mfaransa hana njia hiyo ya kulifikia neno. Yeye amelijua kupitia taarifa za habari, likiwa na damu.

Hapa tuweke jambo la kielimu. Ile Hadithi mashuhuri inayosema kwamba tumerejea kutoka jihadi ndogo kwenda jihadi kubwa, wataalamu wameitia ila: Imam al-Bayhaqi ameieleza kuwa isnadi yake ina udhaifu, na Ibn Taymiyyah akasema haina asili. Hata hivyo, maana ya kupambana na nafsi imethibiti kwa Hadithi nyengine, aliyoipokea at-Tirmidhi kutoka kwa Fadhala bin Ubayd, kwamba mujahidi ni yule anayepambana na nafsi yake. Na katika Surat al-Furqaan, aya ya 52, Mtume aliamrishwa awakabili makafiri kwa hiyo Qur-aan jihadi kubwa, na Sura hiyo iliteremka Makka, kabla ya kuruhusiwa vita. Kwa hiyo Médine hakuzua maana ngeni. Ila alilitia neno zito juu ya jalada, katika nchi ambayo wengi husoma jalada tu.

Wimbo wa Januari 2015

Mwanzoni kabisa mwa Januari 2015 Médine alitoa wimbo "Don't Laïk", ambao baadaye uliingia katika albamu yake fupi ya mwaka huo, "Démineur", yaani mtegua mabomu. Ulikusudiwa kuwakejeli wale wanaoigeuza sheria ya kutenganisha dini na dola kuwa fimbo ya kuwapigia Waislamu. Sheria hiyo ni ya mwaka 1905, na kwa asili yake inamlinda kila mtu aabudu atakavyo. Lakini mwaka 2004 ilitungwa sheria nyengine inayowakataza wanafunzi wa skuli za serikali kuvaa alama za dini zinazoonekana wazi, na walioguswa zaidi ni mabanati wetu wanaovaa hijabu. Malalamiko ya Médine, basi, yalikuwa na msingi.

Tatizo lilikuwa katika maneno. Ndani ya wimbo ule alizungumzia kuwasulubu hao wenye siasa kali za kuipinga dini, akitumia mfano wa Golgotha, mahali ambapo Wakristo wanaamini kuwa Isa (Alayhis-salaam) alisulubiwa. Yeye alieleza kwamba ni kejeli na lugha ya picha. Siku chache baadaye, tarehe 7 Januari, wauaji waliingia katika ofisi za gazeti la Charlie Hebdo mjini Paris, na watu 12 wakauawa siku hiyo. Wimbo ulikuwa umeshatoka, na maji yakimwagika hayazoleki. Waliousikia baada ya siku ile hawakusikia kejeli. Walisikia kitisho.

Yeye mwenyewe baadaye alikiri kwamba alihisi amekwenda mbali mno. Alieleza kuwa uchokozi wa msanii una faida pale unapofungua mazungumzo, na hauna faida pale unapoyafunga. Mwaka 2017 akatoa albamu "Prose Élite". Jina hilo ni mchezo wa maneno: ukilitamka kwa haraka linasikika kama neno la Kifaransa la mtu anayeivutia watu dini yake. Hapa tunamuona mtu yuleyule, bado anacheza na maneno.

Bataclan, 2018

Tarehe 13 Novemba 2015 magaidi waliwaua watu 130 mjini Paris na pembezoni mwake, na 90 kati yao waliuliwa ndani ya ukumbi wa muziki wa Bataclan. Huo ni ukumbi ambao wasanii wengi wa Ufaransa hutamani kuimba ndani yake.

Mwaka 2018 Médine alitoa albamu "Storyteller", yenye wimbo unaosimulia hamu yake ya siku nyingi ya kusimama kwenye jukwaa la Bataclan. Akapangiwa kuimba huko tarehe 19 na 20 Oktoba mwaka huo. Mwezi Juni moto ukawaka. Wanasiasa wa mrengo mkali wa kulia, akiwemo Marine Le Pen, walisema ni fedheha kwa mtu kama huyo kuimba mahali walipouliwa watu kwa jina la Uislamu. Laurent Wauquiez, kiongozi wa chama cha Les Républicains, naye akapinga. Jina la albamu ya 2005 likasambazwa upya, likiwa limekatwa katikati, pamoja na yale maneno ya wimbo wa 2015.

Waliofiwa hawakuwa na kauli moja. Baadhi ya jamaa za waliouawa walitaka tamasha lizuiwe, na hatuwezi kuwalaumu watu wenye msiba. Wakati huohuo Life for Paris, jumuiya ya walionusurika, ilisema kwamba ukumbi uko huru kupanga wasanii wake na kwamba haitaki kutumiwa na wanasiasa. Médine alisema amekuwa akiyalaani mashambulizi yale na anayalaani tena, akauliza ni kwa nini wenye siasa kali waachiwe wapange nani aimbe wapi.

Mwezi Septemba alitangaza kwamba hataimba Bataclan, kwa kuwaheshimu waliofiwa na kwa kuhofia usalama, kwani kulikuwa na makundi yaliyokusudia kuandamana mbele ya ukumbi. Tamasha likahamishiwa ukumbi mkubwa zaidi, Zénith, na likafanyika Februari 2019.

Alipoonewa na alipokosea

Tukiwa waadilifu, na uadilifu ni amri ya Mola wetu hata kwa tunaowachukia, lazima tuyaseme yote mawili.

Ameonewa pale jina la kazi yake lilipokatwa ili maana igeuke, na pale alipobebeshwa damu ambayo hakuimwaga wala kuishangilia. Surat al-Hujuraat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe khabari tunapoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Muislamu wa kisiwani aliyeipokea picha ya jalada lile na kuisambaza bila kuuliza, naye ameingia katika jambo hili.

Amekosea pale aliposahau kwamba neno likishatoka huwafikia watu asiowakusudia. Allah ametukataza katika Surat al-An'aam, aya ya 108, tusiwatukane wale wanaoabudiwa na wengine, wasije nao wakamtukana Allah kwa ujinga. Mufassirina wamelitumia hilo kama kanuni: jambo linaloleta madhara makubwa kuliko faida yake huachwa, hata kama shabaha yake ilikuwa haki. Musa na Harun (Alayhimas-salaam) walitumwa kwa Firauni, na hakuna dhalimu mkubwa kuliko yeye, lakini wakaamrishwa wamwambie kwa upole. Hao wanaopiga vita hijabu hawajamfikia Firauni, na msanii hajawafikia Mitume. Wazee wetu wamesema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni.

Na fundisho hili halikumalizika mwaka 2018. Agosti 2023 Médine aliandika kejeli mtandaoni akilichezea jina la Rachel Khan, mwandishi ambaye familia yake iliguswa na mauaji ya Wanazi dhidi ya Mayahudi. Akashutumiwa kuwa anawachukia Mayahudi, na akaomba radhi. Yeyote anayeijua Surat al-Hujuraat, aya ya 11, inayokataza kudharauliana na kupachikana majina mabaya, atajua kwamba hapa hakuhitaji mwanasiasa yeyote wa kumuonya. Kitabu chake mwenyewe kilikuwa kimeshamuonya.

Tunachukua nini majumbani?

Kwanza, hukumu ya muziki. Kueleza kwamba mtu ameonewa si kuhalalisha anachokifanya. Jamhuri ya wanazuoni wa madhehebu manne, pamoja na madhehebu ya Imam Shafi'i yanayofuatwa na wengi visiwani, wamezikataza ala nyingi za muziki na kuliruhusu dufu kwa mipaka yake. Ibn Hazm ni miongoni mwa waliokhalifu. Kutaja dini ndani ya wimbo hakubadilishi hukumu ya ala, na mtoto aelezwe hivyo bila kuzungushwa.

Pili, mzazi asikilize kabla ya kukemea. Ukimnyang'anya kijana simu bila kujua anachosikiliza, utakuwa umefanya kama waliolisoma jalada tu. Muulize huyu msanii anasema nini, na kwa nini kinakugusa. Huenda kinachomgusa ni dhulma ya Palestina. Hapo una mlango: mpe historia yake kwa ushahidi, mpe na dua, asiachwe ajifunze dini yake kutoka jukwaani.

Tatu, tuwafundishe watoto maneno ya dini yao kabla hawajafundishwa na wengine. Mtoto aliyeelezwa chuoni na nyumbani maana ya jihadi, sharti zake, na ubaya wa kuua raia wasio na hatia, hatababaishwa na mwenye chuki wala hatachukuliwa na mwenye siasa kali. Asiyeelezwa anaweza kuchukuliwa na yeyote kati yao.

Nne, ulimi na kidole. Mtume (Swalla Allahu alayhi wasallam) ametuonya kwamba mja huweza kutamka neno asilolipima, likamporomosha Motoni umbali mkubwa. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Zama hizi kidole kinachobonyeza kutuma kinafanya kazi ya ulimi. Kijana anayeandika kejeli juu ya jirani Mkristo, na mtu mzima anayesambaza tuhuma juu ya Muislamu asiyemjua, wote wawili wataulizwa.

Tunamuomba Allah atuwafikishe tuseme la kheri au tunyamaze, awahifadhi watoto wetu, na awape subira ndugu zetu wanaoishi ugenini na dini yao.

Wa Allahu a'alam.