Shelui na deni la afya lisilo na mdaiwa

Barabara kuu ya kutoka Singida hufika Shelui baada ya kuteremka Mlima Sekenke, kisha hukata mbuga ya Wembere kuelekea Igunga na Nzega. Mgonjwa anayezidiwa hapa huwa na njia mbili. Rufaa ya kiserikali humrudisha mlimani hadi Misigiri, halafu Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, kwenye hospitali iliyoanzia mikononi mwa wamisionari wa Kilutheri. Njia ya pili ni tambarare na humfikisha Igunga, lakini huko ni mkoa wa Tabora, halmashauri nyingine, bajeti nyingine. Bodaboda haijali mpaka huo. Makaratasi yanaujali sana, na kwa miaka mingi kadi ya matibabu ya mwananchi wa Iramba ilikoma hapo hapo mpakani.

Anayetaka kusema kwamba afya ya Watanzania imeporomoka kila upande ajiandae kukanushwa na takwimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000; ule wa 2022 ulikadiria 104. Watoto wanaofariki kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 112 kwa kila 1,000 mwaka 2004/05, na wamefika 43 mwaka 2022. Majengo nayo yameongezeka. Mpango wa MMAM, ulioanza 2007, uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, na tozo za miamala ya simu za 2021 ziliinua kuta sehemu nyingi za nchi. Leo mjamzito aliyepata dharura hupigiwa simu namba 115, na mpango wa m-mama humtafutia gari la wagonjwa au dereva wa jirani anayelipwa kwa safari. Haya si madogo.

Kilichopungua hakimo kwenye tafiti hizo. Ni jibu la swali ambalo kizazi cha babu zetu kilikuwa nalo bila kufikiri: huduma ikikosekana, nani anadaiwa?

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mdaiwa alijulikana. Serikali ilisema matibabu ni jukumu lake, ikapeleka zahanati na vituo vijijini, na mwaka 1977 ikapiga marufuku hospitali za watu binafsi za kibiashara. Mwananchi naye alipewa sehemu yake. Katika kampeni ya "Mtu ni Afya" ya 1973, takriban watu milioni mbili walikaa kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajadili malaria na maji machafu, kisha wakashika majembe kuchimba vyoo. Serikali ilete mganga na dawa, wewe chimba choo na fyeka nyasi: mgawanyo huo ulieleweka hata na asiyejua kusoma. Sitaki kuusifu mno. Baada ya vita vya Kagera na ukata wa miaka ya themanini zahanati nyingi zilibaki na mganga na benchi, na maboksi ya dawa yaliyogharimiwa na Denmark ndiyo yaliyoziokoa. Hata hivyo, dawa ilipokosekana watu walisema Serikali imeshindwa. Hakuna aliyemwambia mgonjwa kwamba ni yeye aliyeshindwa.

Mwaka 1993 ulileta uchangiaji wa gharama za matibabu, kuanzia hospitali kubwa kushuka chini. Mwaka 1996 zamu ikawa ya majirani. Wilaya ya Igunga, ng'ambo ya Wembere, ilichaguliwa kuwa ya majaribio ya Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF. Kaya ililipa shilingi 5,000 kwa mwaka, na Serikali, ikisaidiwa na Benki ya Dunia, iliongeza kiasi hicho hicho kwa utaratibu ulioitwa "tele kwa tele". Wazo lilikuwa zuri: mkulima wa pamba alipe akiwa na fedha ya mavuno, atibiwe masika akiwa hana kitu. Mwaka 2001 ikatungwa sheria, mfuko ukasambaa nchini, Iramba ikiwamo.

Mfuko ule ulidhoofika kwa sababu ambazo yeyote aliyesimama kwenye dirisha la dawa anazijua. Mwanachama alionyesha kadi, akaandikiwa dawa, akafika dirishani na kuambiwa, "Hii hatuna, kanunue nje." Nje ilikuwa Duka la Dawa Muhimu, ambako kadi haikuwa na kazi na asiye mwanachama alilipa bei ile ile. Mwaka uliofuata aliyekwisha kununua nje mara mbili hakuona sababu ya kulipa tena. Waliobaki ni waliokuwa na wagonjwa nyumbani, na mfuko unaobakiwa na wagonjwa watupu haudumu. Wachache walipolipa, tele ya Serikali nayo ikapungua, maana ilifuata idadi yao. Hapo ndipo uongozi ulipozoea kusema kwamba wananchi "hawana mwamko". Kauli hiyo nadhani ni ya dhuluma. Mwamko ulikuwepo, ndiyo maana waliacha.

CHF iliyoboreshwa ilikuja 2018 kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita, na mpaka ukasogezwa kutoka wilaya hadi mkoa. Kwa mtu wa Kiomboi huo ni unafuu wa kweli. Mtu wa Shelui alibaki palepale, maana hospitali yake ya karibu ipo mkoa mwingine.

Zaidi ya hayo, mfuko ulihesabu kaya, na Shelui si mahali pa kaya peke yake. Dhahabu ya Sekenke ilianza kuchimbwa na Wajerumani zaidi ya miaka mia iliyopita, na tangu mgodi mkubwa ulipofungwa wachimbaji wadogo hawajaondoka. Kijana anayefuata mshipa wa dhahabu kutoka Kahama au Geita hana kaya hapa. Anashuka duarani, yaani shimoni, kwa kamba, anapasua jiwe bila maji, na karasha linaposaga, vumbi lake hubaki kwenye nyusi na kwenye mapafu ya wote waliopo, wakiwemo akina mama wanaoponda na kuchekecha marudio, yaani mabaki ya jiwe lililokwisha kusagwa. Kisha dhahabu hunaswa kwa zebaki, mara nyingi kwa mikono mitupu, na kuchomwa karibu na mahali pa kupikia. Vumbi la mawe huharibu mapafu na kufungulia mlango kifua kikuu; mvuke wa zebaki huathiri mishipa ya fahamu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mchimbaji huyo akiuza gramu zake sokoni hukatwa mrabaha, na sheria ya 2017 iliuweka kuwa asilimia 6. Serikali humwona anapouza, haimwoni anapokohoa.

Akiwa hana fedha, sera inasema asamehewe. Ili asamehewe anatakiwa barua ya mtendaji wa kijiji, na mtendaji hamfahamu. Hata wajawazito na watoto chini ya miaka mitano, ambao msamaha wao hauhitaji hoja, wanakutana na tatizo ambalo halitajwi kwenye mabango: hakuna anayekirudishia kituo gharama ya aliyesamehewa. Kila mgonjwa wa bure hupunguza fedha ya kununulia dawa ya mgonjwa ajaye. Mganga mfawidhi mwenye moyo mzuri hukausha kabati lake. Mwenye moyo mgumu hukaa na dawa. Ndiyo maana mjamzito anayejifungua "bure" huja na mfuko wake: glovu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, mpira wa kutandika, beseni, doti ya khanga. Muuguzi anayemwagiza hivyo hajaiba kitu. Amepewa amri isiyo na fedha, naye ameipitisha kwa mtu wa mwisho kwenye mstari.

Sasa mtu aulize nani awajibishwe. Zahanati na kituo cha afya viko chini ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Sera na miongozo ni ya Wizara ya Afya. Dawa ni za Bohari ya Dawa, na zikikosekana, za mshitiri wa mkoa, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa wafadhili huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya usimamizi, yenye wajumbe wa kijijini, huziidhinisha. Dawa za UKIMWI na kifua kikuu kwa sehemu kubwa zililipiwa na wafadhili, na Januari 2025 Washington ilipositisha misaada ya nje tulikumbushwa kwamba sehemu ya kabati letu ina mwenyewe, na si sisi. Kila ofisi hapa ina jibu la haki kabisa: sehemu yangu nimetimiza. Nilishasikia mjumbe wa kamati akilaumiwa kijijini kwa dawa ambazo mamlaka yake yote ni kutia saini kwamba hazijafika.

Katiba nayo haimsaidii mgonjwa. Ibara ya 11 inaitaka Serikali iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee na maradhi, lakini ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama yoyote. Ipo haki ya kuishi ya ibara ya 14, inayoweza kudaiwa mahakamani, ila marekebisho ya sheria ya 2020 yanamtaka anayefungua shauri la haki za msingi aonyeshe jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Majirani walikwenda njia nyingine. Katiba ya Kenya ya 2010 inaitaja afya kuwa haki katika ibara ya 43, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 za Kenya mama aliyejifungulia sakafuni katika hospitali ya Bungoma mwaka 2013. Uganda, mwaka 2020, Mahakama ya Katiba ilitamka kwamba Serikali kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi ni kuvunja katiba. Hukumu hizo hazikujaza makabati. Wakenya bado wanahangaika na bima yao mpya iliyoanza Oktoba 2024. Lakini angalau pana chumba ambamo swali la nani anadaiwa lazima lijibiwe kwa jina.

Kwetu jibu lililoandaliwa ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023. Ilipojadiliwa, Watanzania wenye bima walikuwa takriban asilimia 15. Ina jambo moja ambalo CHF haikuwa nalo: imetaja vyanzo vya kodi vya kuwalipia wasio na uwezo, kwa hiyo msamaha unapata mlipaji. Naliwekea uzito mkubwa jambo hilo, kuliko kiwango cha mchango kinachogombaniwa redioni. Hata hivyo, lazima pawe na utaratibu wa kumtambua mtu wa duarani asiye na kaya wala mtendaji anayemjua, na mwanachama wa Shelui apokelewe Igunga kama anavyopokelewa Kiomboi. Na kadi hainunui dawa ambayo haijafika. Mwanachama akiambiwa tena akanunue nje, atarudi na risiti mkononi. Kanuni ziseme risiti hiyo inapelekwa dirisha gani, inalipwa ndani ya siku ngapi, na inakatwa kwenye fungu la nani.