Presha ya Oili Katika Injini ya Rota

Injini nyingi za magari zina pistoni. Pistoni hupanda na kushuka. Lakini iko injini nyingine isiyo na pistoni hata moja. Ndani yake mna chuma kikubwa chenye pembe tatu. Chuma hicho huitwa rota. Rota haipandi wala haishuki, bali huzunguka.

Injini hii ilitokana na kazi ya Mjerumani, Felix Wankel. Ya kwanza iliwashwa huko Ujerumani mwaka 1957. Baadaye kampuni ya Mazda ya Japani iliitia katika magari yake. Moja ni RX-7, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978.

Kila injini huhitaji oili ili vyuma visisagane. Lakini katika injini ya rota, oili ina kazi nyingine kubwa. Kazi hiyo ni kupoza rota. Maji ya rejeta hupita katika kuta za injini tu. Hayafiki ndani ya rota. Oili ndiyo inayorushwa humo ndani, ikachukua joto na kulitoa nje. Kwa hiyo oili isiposukumwa kwa nguvu ya kutosha, beringi husagika na rota hupata joto kali. Injini inaweza kufa kwa muda mfupi sana.

Nguvu hiyo ya kusukuma huitwa presha. Je, presha hutoka wapi?

Chini ya injini liko bakuli la oili. Mafundi huliita sampu. Pampu huvuta oili kutoka katika sampu na kuisukuma kwenye njia zake. Pampu hii huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikienda polepole, pampu husukuma oili kidogo. Injini ikienda mbio, pampu husukuma oili nyingi kuliko inayohitajiwa. Sasa oili hiyo ya ziada iende wapi? Isipopata njia, presha itapanda mno, na mabomba yanaweza kupasuka.

Tazama sufuria inayochemka. Mvuke ukizidi, huinua kifuniko. Mvuke kidogo hutoka, kisha kifuniko hushuka tena. Vali ya oili hufanya kazi ya namna hiyo. Ndani ya vali mna kipande kidogo cha chuma. Nyuma yake kuna springi inayokisukuma kizibe tundu. Oili nayo hukisukuma kutoka upande wa pili. Presha ikiwa ndogo, springi hushinda na tundu hubaki limezibwa. Presha ikizidi, oili hushinda. Tundu hufunguka, na oili ya ziada hurudi kwenye sampu.

Katika RX-7 vali za namna hiyo ni mbili. Ya mbele hulinda mabomba, hasa asubuhi oili ikiwa ya baridi na nzito. Ya nyuma ndiyo hasa inayopima presha ya kila siku. Hiyo huzuia presha isizidi sana.

Hapa watu wengi hukosea. Wakiona presha imeshuka, hudhani vali itaiongeza. Vali haiongezi presha. Kazi yake ni kupunguza tu. Kama oili ni kidogo katika sampu, pampu itavuta hewa, na presha itaanguka hata kama vali ni mpya.

Tena injini ya rota hula oili. Siyo ubovu, imetengenezwa hivyo. Oili kidogo hupelekwa makusudi mahali petroli inapowaka, ili kulainisha ncha za rota. Oili hiyo huungua na hairudi. Ndiyo maana mwenye gari la namna hii hupima oili kila anapojaza petroli.

Vali nayo huweza kuharibika. Uchafu ukiinasa ikiwa wazi, oili yote hukimbilia kwenye sampu na presha hushuka. Ikinasa ikiwa imefungwa, presha hupanda mno. Springi ikichoka, vali hufunguka mapema.

Vali ya springi imo pia katika injini za pistoni, za malori na matrekta. Taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, dereva asimame mahali salama na kuzima injini mara moja. Kisha avute kijiti cha oili na kutazama kipimo. Oili ikiwa kidogo, aongeze. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, asiwashe tena injini, hata kama nyumbani ni karibu. Gari livutwe kwa kamba hadi kwa fundi.