Mji wa Bath na Safari ya Barua

Mtu atiapo barua katika sanduku la posta huenda zake bila wasiwasi. Amemkabidhi siri yake mtu asiyemjua, naye atamkabidhi mwingine, hata barua ifike. Uaminifu huu haukupatikana kwa siku moja. Katika mazungumzo yetu haya twapenda kueleza jinsi mji mmoja wa Uingereza ulivyosaidia kuujenga.

Mji huo ni Bath, nao uko kando ya mto Avon, mwendo wa maili 100 hivi magharibi ya London. Hapo maji ya moto hububujika kutoka ardhini, na Warumi wa kale walijenga hamamu zao penye chemchemi hizo. Katika karne ya 18 matajiri na wagonjwa walikwenda Bath kwa wingi, kuoga na kunywa maji yale wapate afya. Mgeni aliye mbali na kwao huandika barua, na mgonjwa hungoja majibu kwa hamu. Kwa hiyo posta ya Bath haikukosa kazi.

Mwaka 1712 kijana aitwaye Ralph Allen alifanywa mkuu wa posta hiyo, naye hajatimiza miaka 20. Aliona makosa mawili. Kwanza, barua nyingi za kutoka mji hata mji zilipelekwa London kwanza, ndipo zirudishwe huko zilikotakiwa. Pili, barua zilizoishia njiani bila kufika London hazikuandikwa sawasawa katika hesabu, na wachukuzi walitia fedha zake mifukoni mwao. Mwaka 1720 Allen alipatana na serikali kwamba atailipa pauni 6,000 kila mwaka, naye azisimamie barua za namna hizo na faida iwe yake. Kama angeshindwa, hasara pia ilikuwa yake. Akawataka wakuu wa posta wampe hesabu zao, akafungua njia za kuunganisha miji bila kupitia London. Alitajirika, na mapatano yale yakadumu hata kufa kwake mwaka 1764.

Hata hivyo barua zilikwenda polepole. Zilichukuliwa na vijana waliopanda farasi, wasio na ulinzi, na wanyang'anyi waliwavamia njiani. Katika mji uleule wa Bath alikuwako John Palmer, mwenye nyumba za michezo ya kuigiza huko na Bristol. Alizoea kuwasafirisha waigizaji wake kwa magari ya farasi yaendayo mbio. Basi akajiuliza, mbona waigizaji hufika upesi kuliko barua? Mwaka 1782 alipeleka shauri lake London. Wakuu wa posta wakalikataa, wakaona ya kuwa utaratibu uliopo hauwezi kutengenezwa zaidi. Lakini William Pitt, aliyekuwa Waziri Mkuu, alitoa ruhusa lijaribiwe.

Tarehe 2 Agosti 1784, saa 10 alasiri, gari la Palmer liliondoka Bristol, likapita Bath, likafika London asubuhi ya pili, baada ya saa 16. Zamani safari ile iliweza kuchukua hata saa 38. Siri yake ilikuwa utaratibu. Farasi walibadilishwa kila baada ya maili chache, na wengine walikuwa tayari wakingoja. Mlinzi alichukua bunduki, na saa iliyofungiwa ndani ya kasha asiweze kuichezea. Walipokaribia lango la ushuru wa njia alipiga baragumu, nalo likafunguliwa mara moja, kwa kuwa gari la barua halikutozwa kitu.

Ikabaki taabu ya bei. Mwaka uleule wa 1784 ada ya barua iliongezwa, na baadaye ikaongezwa tena. Kabla ya mwaka 1840 barua ya karatasi moja kutoka Bath hata London ilikuwa peni 9, na kwa desturi aliyelipa ni mpokeaji. Maskini aliweza kuona mlangoni pake barua ya mwanawe, asiwe na fedha za kuipokea, ikarudishwa. Ndipo Rowland Hill alipotoa shauri kwamba mpelekaji alipe kwanza, peni 1 tu kwa barua isiyozidi nusu aunsi, kwenda po pote nchini. Stempu ya kwanza, nyeusi, yenye sura ya Malkia Victoria, iliwekewa tarehe 6 Mei 1840. Lakini Bath haikungoja: barua yenye stempu hiyo ilipigwa muhuri hapo tarehe 2 Mei. Katika mwaka wa kwanza barua za Uingereza zilizidi maradufu. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi tubandikapo stempu, tukumbuke kwamba tumelipa ili ndugu yetu asilipe. Barua isiyoibwa, tena isiyokawia, haimfai kitu mtu asiyeweza kuipokea.