Maneno ya Kiingereza ya Kuondoka na Kufifia

Wasomaji wetu, katika barua nyingi za Kiingereza ziandikwazo na vijana waliotoka shuleni huonekana neno moja likichukua mzigo wa maneno kumi. Neno hilo ni "leave". Mtu akitoka nyumbani kwake huandika "leave". Akiacha kazi, "leave". Jeshi likirudi nyuma, "leave". Hata nguo ikipotewa na rangi yake, twasoma kwamba rangi ime-"leave". Neno lenyewe si baya. Ni Kiingereza cha kale, nalo hutumika kila siku. Lakini Kiingereza kina maneno mengi ya namna hii, na kila moja hutoa habari ambayo jirani yake haitoi: ni nani aliyeondoka, kwa hiari ya nani, na nini kilichobaki nyuma. Mwenye kukosea neno huikosa habari hiyo, na mara nyingine habari hiyo ndiyo haki yake.

Na tuanze na "leave". Hapo kale maana yake ilikuwa kubakiza kitu, kama marehemu abakizavyo mali kwa warithi wake. Maana ya kuondoka ilizaliwa baadaye, kwa kuwa abakizaye vitu nyuma ni yule aendaye. Maana zote mbili zingali hai, na hapo ndipo penye mtego. "He left his wife a house" ni kusema alimwachia mkewe nyumba, na watu watamsifu. "He left his wife" ni kusema alimwacha mkewe. "He left his wife at home" huenda ikawa alikwenda sokoni tu, naye atarudi jioni. Kiswahili hutofautisha kwa silabi moja, acha na achia. Kiingereza hutegemea maneno yanayofuata. Basi mwanafunzi akatishaye sentensi yake kabla ya wakati aweza kuvunja ndoa ya mtu kwa kalamu.

Liko na "leave" jingine, ambalo asili yake ni mbali na hilo ingawa siku hizi sura zao ni moja. Maana yake ni ruhusa. Kutoka kwake yamepatikana mapumziko ya kazi, ambayo sisi twayaita likizo, na watu wa ofisini huyaita livu. Na "to take leave" ni kuaga. Mgeni wa kwetu, asiyeinuka mkekani mpaka amesema, "Naomba ruhusa," atalifahamu neno hilo bila mwalimu.

Neno "depart" ni la heshima zaidi, nalo liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa. Maana yake ya kwanza haikuwa kwenda bali kugawanya, kutenga. Katika ibada ya ndoa ya Kanisa la Kiingereza neno hilo lilitumika kwa maana ya kutenganishwa na mauti, mpaka kitabu cha sala kilipotengenezwa upya mwaka 1662, likabadilishwa kwa sababu watu walikuwa hawalielewi tena hivyo. Leo hutumika kwa treni na meli, na kwa adabu hutumika kwa wafu. Angalieni jambo hili: neno letu la adabu kwa kifo, kufariki, lilitoka Kiarabu, na maana yake huko ni kutengana. Lugha mbili zisizo na ukoo zilimwendea mgeni kuazima neno la msiba, na kila moja ikarudi na neno la kutengana.

Sasa tufikie maneno matatu yanayowasumbua sana wanafunzi wetu: "withdraw", "retire" na "retreat". Ukiyachambua utaona kwamba yote matatu yana picha moja, nayo ni kuvuta nyuma. La kwanza ni la Kiingereza chenyewe, ambamo "draw" ni kuvuta. Mawili mengine yamepitia Kifaransa. Lakini matumizi yameyatenga. "Withdraw" ni kujiondoa kwa utulivu, au kuondoa kitu ulichokiweka: fedha benki, shitaka barazani, neno ulilolisema kwa hasira. "Retreat" ni kurudi nyuma kwa kusukumwa. Napoleon alipotoka Moscow mwaka 1812, jeshi lake likifa kwa baridi, njaa na mashambulio, hilo lilikuwa "retreat", wala hakuna mwenye kuandika historia aliitaye jina la upole. Wakati wa vita msomaji wa magazeti na aangalie sana hapo: jeshi likirudi nyuma, taarifa yake lenyewe hupenda kusema "withdraw", na adui wake husema "retreat". Tena mwaka 1940 askari wapatao 338,000 wa Uingereza na wa marafiki zake walipochukuliwa kwa vyombo kutoka pwani ya Dunkirk, neno lililotumika lilikuwa "evacuation", ambalo asili yake ni kufanya mahali kuwa patupu. Neno hilo halimtazami aliyeshinda wala aliyeshindwa. Hutazama mahali palipoachwa.

"Retire" lilikuwa la askari nalo, kisha likaingia majumbani na maofisini. "He retired at nine" ni kwamba alikwenda kulala saa tatu ya usiku. "He retired at sixty" ni kwamba alistaafu. "He retired early", hapo ulizeni kwanza!

Hapa ndipo kosa liwezapo kugharimu fedha. Kustaafu ni "retire". Kujiuzulu ni "resign". Staafu latokana na Kiarabu cha kuomba kusamehewa, na jiuzulu ni mtu kujifanyia mwenyewe lile ambalo mkubwa angemfanyia, yaani kumwondoa katika cheo. Katika kazi nyingi haki za aliyejiuzulu si sawa na za aliyestaafu. Mzee aliyetumika miaka thelathini, akiandikiwa barua na mjukuu wake kwamba ame-"resign", aweza kujikuta akiulizwa maswali juu ya kiinua mgongo chake ambayo hakuyatazamia.

Wako waliopata hasara kubwa kuliko hiyo. Katika Kenya, sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, iliwalazimisha wanaume Waafrika wa miaka 16 na zaidi kuchukua kipande, karatasi iliyotiwa katika kijaluba cha chuma na kuvaliwa shingoni. Humo bwana wa kazi aliandika siku aliyomwajiri mtu na siku aliyomwachilia. Kuachilia huko ni "discharge", ambayo kwa asili ni kutua mzigo. Asiyetiwa sahihi ya kuachiliwa alihesabiwa mtoro, na kutoroka kazi ni "desert". Aliweza kukamatwa na kushitakiwa. Mtu ni yule yule, na njia aliyoishika kutoka shambani ni ile ile, lakini neno moja lilimpeleka nyumbani na jingine lilimpeleka gerezani. Nao wengi waliolivaa shingoni hawakuweza kulisoma.

Mfalme naye ana neno lake. Hatusemi ame-"resign", husemwa "abdicate", yaani kukana kiti kwa kutamka. Edward wa Nane wa Uingereza alifanya hivyo Desemba 1936, kisha akawaeleza watu wake kwa sauti yake mwenyewe katika redio.

Yamebaki maneno ya vitu visivyo na miguu. "Fade" ni kupungua kidogo kidogo, rangi au sauti. Hapa Kiswahili chetu ni tajiri zaidi: kanga huchujuka kwa kufuliwa, na hupauka kwa jua, lakini Mwingereza ana "fade" moja kwa yote mawili. Mafundi wa redio nao hulitumia. Mawimbi ya masafa mafupi hurudishwa chini na tabaka za juu sana za anga, yakafika kwa njia zaidi ya moja. Mara husaidiana, mara huuana, na msikilizaji husikia sauti ikififia na kupanda tena. Kwa hiyo si betri iliyochoka siku zote.

"Vanish" si "fade". Kinachofifia hukiona kikienda. Kilicho-"vanish" kimetoweka ghafula, na asili ya neno ni utupu. Maji ya bahari yakipwa ni "ebb", na mwezi ukipungua ni "wane", wala mawili hayo hayabadilishani mahali. Jua halikupewa lo lote kati ya hayo. Waingereza husema "set", neno la ukoo mmoja na kuketi. Sisi twasema jua limetua, kama mpagazi atuaye mzigo wake.