Kichocho: Mtoto aone mzunguko mzima, si dawa tu

Ngonga, Kyela. Mtoto anaweza kumeza dawa ya kichocho shuleni leo, na kesho kutwa akarudi kuogelea palepale alipoambukizwa. Dawa hiyo, praziquantel, huua minyoo iliyo mwilini. Haizuii maambukizi mapya.

Watoto wengi wanajua makatazo: usikojoe majini, usichezee dimbwi. Kigumu kwao ni kuona jinsi mambo yanavyoshikana. Mkojo au kinyesi cha mgonjwa hupeleka mayai majini. Vijidudu huanguliwa, huingia kwa konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya anayeoga.

Samaki nao wamo. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, huko Cape Maclear nchini Malawi, watafiti wamehusisha ongezeko la kichocho tangu miaka ya 1980 na uvuvi uliopunguza samaki wanaokula konokono. Wavu wa baba na mkojo wa mtoto vimo kwenye habari moja.

Mzazi, jaribu hili mezani. Maharage 10 ni konokono, punje 5 za mahindi ni samaki. Kila raundi, kila samaki anakula konokono mmoja, kisha waliobaki wanaongezeka mara mbili. Konokono watabaki 10 siku zote.

Sasa vua samaki wawili. Konokono wanakuwa 14, halafu 22, halafu 38. Muulize mtoto: tukiwarudisha samaki wawili sasa hivi, mambo yatarudi kama zamani? Mwache ahesabu mwenyewe. Raundi inayofuata konokono ni 66. Kuchelewa kuna gharama.

Shule yenye kompyuta inaweza kwenda mbali zaidi kwa NetLogo, programu ya bure iliyobuniwa na Uri Wilensky wa Marekani mwaka 1999. Ikishapakuliwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Mwanafunzi hubadilisha idadi ya wanyama, huendesha raundi mamia, na kutazama grafu ikipanda au kushuka.

Ziwa lina mengi kuliko meza, na namba hizi ni za mchezo tu. Lakini mtoto aliyezoea kuuliza "kisha nini?" ataelewa kwa nini dawa, choo na samaki vyote vinahitajika.

Siku ya dawa shuleni, hakikisha amemeza. Akikojoa damu, mpeleke kituo cha afya mapema.