Gita la Marudio na Gita la Kale: Je, Ni Ndugu Pacha?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Methali hii yafaa kukumbukwa na kila mpigaji gita la umeme, awe katika bendi ya jeshi, ya polisi au ya mtaani, anapoletewa chombo kipya na kuambiwa kwamba hakina tofauti yoyote na kile kilichoundwa zaidi ya miaka 60 iliyopita. Leo tumeona vema kulichunguza dai hilo kipande kwa kipande, maana ndani yake mna fedha nyingi, na penye fedha nyingi hila haikosekani.

Tuanze na asili. Mwaka 1954 kiwanda cha Leo Fender, katika mji wa Fullerton, jimbo la California, Marekani, kilitoa gita lililoitwa Stratocaster. Kampuni ya Gibson ilikuwa imekwisha kutoa gita la Les Paul mwaka 1952, na kati ya mwaka 1958 na 1960 ikalipaka rangi ya machweo, yaani wekundu unaofifia na kuwa manjano. Magita hayo ya machweo hayakupata wanunuzi wengi. Yakadiriwa kwamba hayafiki 2,000. Bei yake dukani ilikuwa chini ya dola 300. Leo moja huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Mwaka 1965 shirika la CBS liliinunua Fender kwa dola milioni 13, na baadaye wapigaji wengi wakalalamika kwamba kazi ya kiwanda imeshuka. Wakaanza kuyatafuta magita ya zamani. Wajapani waliitambua haja hiyo mapema, na mwishoni mwa miaka ya 1970 viwanda kama Tokai vilikuwa vikiyaiga kwa ustadi. Mwaka 1982 Fender yenyewe ikatoa magita ya marudio, ya mfano wa 1957 na wa 1962, mengine yakiundwa Marekani na mengine Japani. Gibson nayo ilianzisha mfululizo wake wa kihistoria mwaka 1993.

Je, yanalingana na ya asili? Kwa umbo, yanakaribiana mno. Unene wa shingo, mviringo wa ubao wa vidole na mahali pa kila skrubu ni mambo yanayopimika, na kinachopimika huigika. Lakini hata hapo kazi haikukamilika mara moja: mwaka 2012 Fender iliviacha vielelezo vyake vya awali na kuanza mfululizo mpya wa marudio kwa kuyachunguza tena magita ya asili.

Wakati mwingine uaminifu wenyewe huleta taabu. Sumaku za Stratocaster ya kale zilipangwa kwa urefu usiolingana, kwa kuwa zama hizo uzi wa tatu ulikuwa mnene, umezungushiwa waya. Siku hizi wapigaji wengi hutumia uzi wa tatu ulio mtupu. Basi juu ya sumaku zilizonakiliwa barabara, uzi huo hupiga kelele kuliko wenzake. Vivyo hivyo swichi ya asili ilikuwa na vituo 3, na vituo 5 vikaja mwaka 1977. Magita ya marudio ya 1982 yalifungwa swichi ya vituo 3, lakini ndani ya sanduku kiwanda kiliweka na ile ya vituo 5, ili mnunuzi achague mwenyewe.

Tofauti kubwa zaidi imo katika mali ghafi. Ubao wa vidole wa magita mengi ya kale ulitokana na mti wa Brazil uitwao Dalbergia nigra, ulio wa ukoo mmoja na mpingo wa Afrika ya Mashariki. Tangu mwaka 1992 biashara ya kimataifa ya mti huo imebanwa vikali ili usitoweke, na sasa mbao za India ndizo zitumikazo zaidi.

Kisha kuna pikapu, yaani sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba ili kunasa mtetemo wa nyuzi. Zile alizozibuni Seth Lover wa Gibson hazikuwa na idadi moja ya mizunguko ya waya, wala sumaku za aina moja. Kwa hiyo magita mawili ya mwaka 1959 huweza kutofautiana sauti kuliko linavyotofautiana moja lao na la marudio. Basi anayedai kwamba gita lake ni sawa na la kale, na aulizwe kwanza: la kale lipi?

Jambo hili lawahusu pia wasomaji wetu wa polisi, kwa sababu gita la marudio likifutwa alama zake huwa chombo cha ulaghai. Gibson hupiga muhuri wa R9 ndani ya uwazi wa vidhibiti vya sauti katika marudio ya mfano wa 1959. Mtu mwovu huukwangua. Nambari ya Stratocaster ya kale imo katika bamba la chuma lililoshikwa kwa skrubu 4 tu, na bamba hubadilishwa kwa dakika chache. Nambari peke yake, basi, si ushahidi wa kutosha. Mchunguzi makini huifungua shingo atazame tarehe iliyoandikwa kwenye kitako chake, husoma tarakimu za mwaka na juma juu ya vidhibiti vya sauti, hukagua kama risasi ya kulehemu imeguswa, na huimulika vanishi kwa taa ya miali ya urujuanimno, kwani vanishi ya zamani hung'aa tofauti na mpya.

Gita la marudio linalotaja jina lake kweli ni chombo cha heshima, na mwanamuziki hana sababu ya kuona haya kulipiga jukwaani. Anayetaka muziki na alijaribu kwa masikio yake. Anayelipia historia na adai ushahidi kabla hajatoa hata senti moja.