Fremu iliyooza Kolo: kuunga kunalipa kuliko kung'oa

Nyumba za Kolo, wilayani Kondoa, huanza kuoza mahali palepale: ncha za fishabodi chini ya bati na miguu ya fremu za milango. Mazoea ni kung'oa fremu nzima na kuweka mpya. Nashikilia kwamba katika nyanda hizi kavu, kukata sehemu iliyooza na kuunga mbao ngumu kunamlipa zaidi mwenye nyumba, na kunampa seremala kazi ya ustadi. Sababu ya kwanza ni mvua. Hunyesha kwa msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu hukausha kila kitu. Kuvu wanaoozesha mbao hawastawi unyevu wake ukiwa chini ya asilimia 20, kwa hiyo uozo hubaki pale maji yanapotuama. Fremu ya mninga iliyooza kimo cha kiganja kutoka sakafuni mara nyingi ni nzima juu yake, na kuitupa ni kutupa mti uliokomaa kwa miongo mingi. Kondoa inaujua uzito wa hasara hiyo: mmomonyoko wa ardhi iliyokosa miti ulilazimisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi.

Wapo watakaosema mbao ya paini ni rahisi na kazi ya kuunga hula siku nzima ya fundi. Ni kweli, bei ya dukani ni ndogo. Lakini paini isiyotiwa dawa haihimili mchwa, na ikisimamishwa juu ya udongo uleule wenye maji, gharama itarudi. Oili chafu inayopakwa na wengi haifiki ndani ya mbao, wala haizibi bati linalovuja. Alumini haiozi, nakubali, ila huondoa dirisha lote kwa sababu ya kipande kimoja kibovu.

Kuunga nako kuna mpaka. Kenchi iliyoliwa hadi katikati ibadilishwe bila kusita, maana inabeba paa. Kwingine, mwenye nyumba achome bisibisi kwenye mbao kabla ya mvua za Desemba, azibe njia ya maji kwanza, kisha amlipe fundi kwa kiungo kilichokatwa mshazari na kuinuliwa juu ya sakafu. Bei ya kiungo hicho ipatanwe peke yake, isifichwe ndani ya bei ya mbao.